Freni ya Mbele

Salongo, kazi ya lazima ya usafi ya Jumamosi asubuhi, ilipomalizika na maduka ya Birere kuruhusiwa kufunguliwa, Inspekta Apolline Kaswera alikuwa tayari amesimama mbele ya duka la Papa Luc, akimngoja apandishe mlango wa bati. Luc Nshobole aliuza vipuri vya pikipiki katika chumba chembamba kama ujia. Alfajiri alikuwa ametuma ujumbe wa simu, maneno manne tu: Mama, freni zimepata mutu.

Kaswera alikuwa ameungoja ujumbe huo kwa miezi kumi. Desemba ya mwaka 2007, watu wenye silaha waliingia kwenye boma la fundi mmoja katika vilima vya Masisi, juu ya Sake. Walimuua uani mwanawe Honoré, mwanaume wa miaka thelathini, wakachoma nyumba, wakaondoka na pikipiki. Haikuwa pikipiki ya kubebea abiria. Ilikuwa mashine ndogo ya mashindano, ya Kiitaliano, ya mwaka 1958, yenye tangi jekundu. Mbelgiji mmoja wa mashamba ya kahawa aliiacha alipokimbia, na fundi wake akaitunza miaka arobaini. Katika Kivu nzima hapakuwa na ya pili.

Fundi huyo, Muzee Sebahire, alikuja mwenyewe kushitaki. Alieleza kwamba siku ile alikuwa Sake, hakumwona mtu yeyote. Lakini alitaja jambo moja ambalo Kaswera alilishika: mashine ilichukuliwa ikiwa haina freni ya mbele. Alikuwa amezitoa mâchoire, vile vipande viwili vya alumini vilivyopinda ambavyo hutanuka ndani ya ngoma ya gurudumu na kulizuia, ili azivalishe garniture mpya, ule utando unaosugua ngoma. Ziliungua pamoja na meza yake ya kazi. Kaswera alimweleza mpango wake palepale. Mwenye mashine, awe nani, siku moja atatafuta freni, na freni za namna ile hazipatikani sokoni. Kisha akazunguka kwa wauza vipuri wote wa mji, akiwaachia namba yake ya simu.

Miezi miwili ya mwanzo aliipoteza akimfuata mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa akiulizia pikipiki za zamani kila mahali. Mwishowe ikaonekana kwamba alichokusanya ni picha tu.

“Nani amenunua?” aliuliza Kaswera.

Luc alifuta meza kwa kitambaa kabla ya kujibu. “Théoneste. Ule wa depo ya essence, njia ya aéroport.”

Kaswera hakuandika jina hilo. Kila mtu Goma alilijua. Malori ya Théoneste yalibeba mafuta hadi Rutshuru na kurudi, vita ikiwepo au isiwepo, na askari wa pande zote walimfungulia vizuizi. Aliomba aelezwe mambo yote kwa utaratibu, tangu mteja alipoingia hadi alipotoka.

Théoneste alikuja jana mchana, amevaa viatu vyeupe, akasema ana mashine ya zamani aliyorithi kwa mjomba wake. Leo Jumamosi, saa tisa mchana, chama cha madereva wa moto, pikipiki za abiria, kilikuwa kimeandaa mashindano ya kushuka mteremko wa Munigi hadi mjini, naye alitaka kushuka nayo mbele ya watu. Luc alimwekea mezani jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya moto za Kihindi, mpya kabisa, lakini ndogo mno kwa ngoma ya milimita mia moja themanini. Ya pili ilivalishwa garniture ya lori, ngumu, iliyopigwa ribiti, misumari midogo ya shaba. Ingedumu miaka, ila isingekamata vizuri mpaka ipate moto. Ya tatu ililetwa dukani wiki mbili nyuma na mzee mmoja aliyesema atakuja mtu kuitafuta.

Théoneste alichagua polepole, kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Alipitisha kidole juu ya kila garniture. Aliiacha ya lori kwa sababu ribiti zikiisha huchana ngoma, na ngoma ya mashine ile haina mbadala. Ile ya mzee ilikuwa imegundishwa kwa kole, gundi tu, haina ribiti hata moja, laini, na pembe zake zilipigwa tupa kidogo ili isiume kwa kushtuka. Aliivuta garniture kwa koleo, akaipinda, ikakataa kutoka. Akaridhika. Alichukua pia springi mpya na waya wa freni. Mâchoire za nyuma, ambazo mzee alizileta pamoja na za mbele, aliziacha, akisema freni yake ya nyuma bado ni nzima.

“Na ule muzee alipima wapi?” aliuliza Kaswera.

“Hakupima kitu. Alikuja na karatasi tu.”

Luc aliitoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa imechanwa kutoka daftari la shule na kuandikwa vipimo vya freni kwa mkono. Kaswera aliisoma akiwa amesimama, na mawazo yake ya kwanza yalikuwa mepesi: mzee huyu ni mtu wa Théoneste, ametumwa kutangulia ili kuona kama duka linachunguzwa. Kisha akafika kwenye mstari wa tatu. Garniture ya mbele ilitakiwa iwe ya milimita sita badala ya tano, kwa sababu ngoma iliwahi kuchongwa kwenye mashine huko Bukavu na kupanuka milimita mbili.

Mtu asiyekuwa na gurudumu mkononi angejuaje hilo?

Alifungua mkoba wake, akatoa nakala ya mashitaka ya Desemba na kuiweka kando ya karatasi ya Luc. Tarakimu za saba zote zilikuwa na mkia uliopinda kushoto. Herufi r zilisimama kama ndoano. Sebahire aliandika zote mbili.

Agent Bienvenu, aliyekuwa akimngoja nje na moto ya kazi, aliingia na kuuliza kama waende depo sasa hivi wakamkamate Théoneste, maana mashine ya wizi iko kwake. Lilikuwa jambo la maana, na Kaswera alikuwa akilitamani kwa miezi kumi. Lakini alikuwa amezishika mâchoire za nyuma, na alikuwa akizigeuza mwangani. Kwenye alumini palikuwa na matundu manane ya ribiti, ya tangu kiwandani. Yote yalikuwa yamezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na kupigwa msasa mpaka hayakuonekana. Mtu mwenye matundu tayari, fundi wa miaka arobaini, kwa nini ajisumbue kuyaziba ili atumie kole?

Alivuka barabara pamoja na Bienvenu hadi kwa Ézéchiel, mchomelea vyuma, akamwomba aibane mâchoire moja kwa koleo refu juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Ézéchiel alimwambia kwamba ndivyo inavyopasa kupimwa, maana freni huishi ndani ya moto. Dakika ya kwanza hakikutokea kitu. Dakika ya pili ilitoka harufu ambayo wote watatu waliitambua, harufu ya kibanda cha fundi viatu. Kisha garniture ikateleza taratibu kutoka kwenye alumini, nzima, kama ganda la ndizi iliyochemshwa, ikaanguka kwenye makaa.

Ézéchiel aliitazama inavyoungua. “Hii ni kole ya sapatu,” alisema. “Baridi, inashika kama simenti. Ikipata moto inaachia. Kipande kinaanguka ndani ya ngoma, kinakwama, gurudumu linasimama mara moja. Mutu hasimami.”

Kaswera alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo.

Barabara ya Rutshuru ilipaswa kuwa tupu kwa ajili ya mashindano. Walipofika karibu na uwanja wa ndege, wakielekea Munigi, walikuta imejaa. Mwanzoni walikutana na chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao, zikishuka zimepakiwa magodoro na masufuria badala ya makaa. Kisha wanawake na mizigo ya kichwani, mbuzi waliofungwa kamba, mzee aliyebebwa kwenye kiti. Bienvenu alipiga honi mpaka akaacha. Mwanamke mmoja aliwaambia bila kusimama kwamba wametoka Kibumba, kwamba askari wameacha mistari yao tangu saa sita, kwamba hakuna tena mtu kati ya waasi na mji. Nyuma yake walikuja askari wenyewe, wengine bila bunduki, wakitembea kwenye ukingo wa barabara na kutazama chini.

Mlio mzito ulisikika kaskazini, kisha mwingine. Watu hawakukimbia. Waliongeza hatua tu, wote kwa pamoja.

Waliiacha moto kwenye ua wa kanisa na kupanda kwa miguu. Kaswera alijua mahali pa kutazama. Mteremko wa Munigi una kona tatu. Ya kwanza ingeipasha ngoma joto, ya pili ingeichemsha. Mtu aliyetengeneza freni ile angekaa kwenye ya tatu.

Alikuwapo. Muzee Sebahire alikaa juu ya jiwe la volkano, amevaa koti lake la kanisani, mikono juu ya magoti. Watu walipita mbele yake kama maji, naye hakuwatazama. Alitazama juu tu. Kaswera alimfahamu kama mtu mpole wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga, aliyekuja ofisini kila mwanzo wa mwezi kuuliza habari za kesi ya mwanawe na kushukuru hata alipojibiwa kwamba hakuna.

Alikaa kando yake. Alimwambia kwamba ameona mâchoire za nyuma, kwamba amezipasha moto.

Mzee hakukana. “Ni weye njo ulinifundisha,” alisema. “Kumungoja na freni.”

“Nilitaka kumukamata, Muzee.”

“Najua.”

Alimweleza kwa sauti ndogo yale ambayo hakuyasema mwezi wa kumi na mbili. Hakuwa Sake siku ile. Alikuwa ndani, kwenye chumba cha kazi, mashine ikiwa imesimama nje juani. Alisikia risasi iliyomuua Honoré, kisha akasikia sauti ikiamuru mlango ufungwe kwa nje na petroli imwagwe. Sauti hiyo aliijua kama anavyoijua ya watoto wake, maana Théoneste mwenyewe aliwaletea mafuta ya mashine ya kahawa kwa miaka mingi, na zaidi ya mara moja aliomba auziwe ile pikipiki akanyimwa. Sebahire alitoka kwa kubomoa ukuta wa udongo nyuma ya meza yake, akalala kwenye migomba mpaka moto ulipokwisha. Mâchoire hazikuungua: alitoka nazo, za mbele na jozi ya akiba ya nyuma.

Kaswera aliuliza kwa nini alimficha jambo hilo.

“Ungeandika. Karatasi ingefika kwa mukubwa wako, na mukubwa wako anakula kwa Théoneste kila Jumapili. Na miye niko na nini? Niko na sauti.”

Mbele ya hakimu sauti iliyosikika nyuma ya mlango isingefika mbali, na hilo la Jumapili lilikuwa kweli. Kaswera alimwambia kwamba mashindano yamevunjika, kwamba hakuna atakayeshuka leo, kwamba watachukua freni zile kimya kimya na kuanza upya kwa njia ya sheria.

Sebahire aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amegeuza kichwa.

Kaswera hakusikia kitu ila miguu na mbuzi. Kisha akasikia, mbali juu, sauti nyembamba na kali kama kitambaa kinachochanwa. Huko kileleni malori ya Théoneste yalikuwa yamenaswa katikati ya watu. Kitu kimoja tu alichokuwa nacho kingeweza kupenya.

Mashine nyekundu ilitokea kwenye kona ya kwanza. Ilipita kati ya chukudu mbili, ikafunga breki, ikapata nafasi, ikaachia. Watu waliruka pembeni wakivuta watoto. Iliingia kona ya pili kwa kasi, ikafunga tena, kwa muda mrefu zaidi, gurudumu la mbele likilia. Kutoka hapo hadi kona ya tatu mteremko ulinyooka, na barabara yote, upande hadi upande, ilikuwa vichwa vya watu.

Kaswera alisimama na kuinua mkono aingie barabarani. Sebahire alimshika koti kwa nguvu ambayo Kaswera hakuitarajia.

“Ukimusimamisha, atafinya ya mbele.”

Kwa mara ya kwanza alikuwa akiwatazama watu. Mama mmoja alikuwa ameinama hatua tano mbele yao akifunga upya mtoto mgongoni, godoro lake limelala lami. Kaswera aliuona uso wa mzee ukihesabu, kama alivyohesabu milimita zake. Mashine ikikwama pale ingeruka na kujisokota katikati ya watu ishirini, thelathini, kabla ya kusimama. Alikuwa amefikiria mtu mmoja na barabara tupu.

Sebahire aliingia barabarani. Hakukimbia, magoti yake hayakumruhusu. Alikwenda kukutana na mashine huku ameinua mikono yote miwili, viganja wazi, na akaita kwa sauti ya fundi aliyezoea kuzungumza juu ya kelele ya injini.

“Théoneste! Acha freni ya mbele. Ya nyuma. Kanyaga ya nyuma tu.”

Alirudia mara tatu. Labda ni kuitwa jina, labda ni ile sauti isiyo na hofu, lakini Théoneste alitii kabla ya kuelewa. Vidole vyake viliachia mkono wa breki. Gurudumu la nyuma lilijifunga, mashine ikaanza kuyumba mkia, akaielekeza nje ya lami kwenye changarawe nyeusi ya volkano. Hapo, kasi ikiwa imeshapungua, alisahau, akafinya ya mbele. Kitu kilikatika ndani ya ngoma. Gurudumu lilisimama kama limepigwa msumari, na mtu akarushwa juu ya usukani, akaanguka kifudifudi kwenye mawe.

Aliinuka akiwa na damu kwenye kidevu na viwiko. Alimtafuta aliyemwita. Alipomwona, umbali wa hatua nne, mzee mwembamba wa koti la kanisani, midomo yake ilitangulia akili yake.

“Weye tulikufungia ndani,” alisema.

Bienvenu alisikia. Kaswera alisikia. Mama wa godoro alisikia pia, akageuka kuwatazama wote wanne, kisha akabeba mzigo wake na kuendelea kushuka. Kaswera aliangalia saa. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Alitoa daftari na kuandika maneno matatu hayo kama yalivyotamkwa, jina la aliyeyasema, mahali na saa, akamwambia Bienvenu atie sahihi chini yake palepale. Mkononi mwake palikuwa na pingu jozi moja. Alimfunga Théoneste, ambaye sasa alikuwa ameelewa alichokisema.

Sebahire alikuwa amepiga magoti kando ya mashine. Aliomba spana kutoka kwenye mfuko wa Bienvenu, akalegeza gurudumu la mbele, akafungua ngoma huku akipuliza vidole kwa joto. Garniture ilikuwa imejikunja ndani kama ulimi. Aliitoa, akampa Kaswera pamoja na mâchoire zake mbili, kisha akalirudishia gurudumu.

“Andika na yangu,” alisema.

Kaswera alimwambia kwamba hakuna aliyekufa, kwamba mambo hayo yanaweza kungoja siku nyingine. Mzee alitikisa kichwa. Aliyaandika: tarehe ya kole, matundu yaliyozibwa, duka, nani alimpa wazo la kungoja na freni. Hapo kalamu ilisita, kisha akaandika jina lake mwenyewe, Kaswera Apolline.

Walishuka mjini pamoja na wakimbizi, Théoneste mbele na pingu, Sebahire akisukuma mashine, kwa sababu hakukubali mtu mwingine aishike. Walifika ofisini jua likiegemea ziwani. Lango lilikuwa wazi. Mlinzi hakuwapo, karani hakuwapo, na kwenye chumba cha mkubwa droo zilikuwa zimevutwa na kuachwa hivyo. Jirani aliwaambia kwamba magari ya wakubwa yameshavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, tangu saa nane. Bienvenu alisimama uani, akisogeza simu sikioni na kuishusha. Kaswera aliona alichokuwa akifikiria. Alikuwa na mke na watoto wanne huko Katindo. Akamwambia aende. Alikwenda.

Kaswera alikuta funguo za cachot, mahabusu ya ofisi, kwenye msumari wake. Alimwingiza Théoneste chumba cha kwanza. Sebahire aliegemeza mashine ukutani chini ya paa, akaifunika na koti lake, kisha akaingia chumba cha pili bila kuambiwa na kuuvuta mlango nyuma yake.

Milio ilikuwa imesogea. Sasa iliweza kuhesabiwa. Théoneste alikuja kwenye nondo akijifuta kidevu kwa bega, na sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya upole.

“Mama Inspekta, unasikia. Wale wanaokuja wananijua. Fungua sasa, nitasema ulinitendea vizuri.”

Kaswera aliliweka daftari ndani ya blauzi yake. Akavuta kiti cha karani mpaka katikati ya milango miwili, akakaa akitazama lango, bastola juu ya paja.